"Port" au "harbour": lipi ulitumie pale Kiswahili kinaposema bandari

Kiswahili kina neno moja, bandari, nalo linatutosha kwa mengi. Meli imetia nanga bandarini, makuli wanapakua bandarini, ushuru unalipwa bandarini, wavuvi wamekimbilia bandarini bahari ilipochafuka. Kiingereza kimezigawa kazi hizo kwa maneno mawili, "port" na "harbour", na mtu anayetafsiri, anayeandika habari za meli au anayeandaa hati za mzigo hana budi kuchagua moja. Kamusi nyingi hazimvushi, kwa kuwa mbele ya yote mawili zimeandika "bandari" na kuishia hapo. Kazi yangu ni kutafsiri, na hati za meli zimepita sana mikononi mwangu. Naamini tofauti hii ikieleweka vizuri mara moja, haipotei tena.

Harbour ni maji. Ni mahali ambapo bahari imetulia, ama kwa sababu nchi kavu imeyazunguka maji, ama kwa sababu watu wamejenga ukuta wa kuvunja mawimbi, hata chombo kikaweza kulala kwenye nanga bila kupigwa na upepo. Port ni shughuli. Ni gati, maghala, makreni, forodha, makarani, mawakala wa meli, na mamlaka yenye uwezo wa kusema meli hii iingie na ile isubiri nje. Harbour inaweza kuwepo miaka elfu bila mtu hata mmoja kuishi ufukweni mwake. Port bila watu haipo.

Ukiyashika hayo mawili, robo tatu ya kazi imekwisha. Robo iliyobaki ndiyo yenye mitego, nami nitakaa nayo zaidi.

Pwani yetu inavyoonyesha tofauti

Sijui mfano ulio wazi kuliko Bagamoyo na Dar es Salaam. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Pembe za ndovu zilifika pale mabegani mwa wapagazi, majahazi ya Unguja yakazipokea, na nguo, shanga na waya zikaenda bara kwa njia hiyohiyo. Kwa Kiingereza, Bagamoyo ilikuwa port kwa kila hali: biashara, forodha, wenye mitaji, wakopeshaji. Lakini maji yake ni mafupi na ufuko wake uko wazi. Meli kubwa ilikaa mbali, mzigo ukaletwa kwa mashua, na hatua za mwisho watu wakaubeba wakiwa ndani ya maji. Mwandishi wa Kiingereza aliyeijua bahari angeweza kusema, bila kujipinga, kwamba Bagamoyo ni port muhimu yenye harbour mbaya.

Kusini yake kidogo palikuwa na Mzizima, kijiji cha wavuvi kando ya maji yaliyofungwa pande zote, yenye mlango mwembamba unaopinda. Hiyo ilikuwa harbour ya hali ya juu, na karibu hakuna biashara. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliiona thamani yake akaanza kujenga mji pale katika miaka ya 1860. Alipofariki mwaka 1870, kazi ilisimama. Miaka iliyofuata harbour ilibaki vilevile, kwa kuwa maji hayahitaji sultani, ila port ilikuwa ndogo mno. Wajerumani walipohamishia makao yao makuu Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891, jambo kubwa walilolitaka ni yale maji tulivu yenye kina, na port ikajengwa juu yake baadaye. Ukisoma historia hii kwa Kiingereza ukakuta maneno mawili yakipishana katika aya moja, usidhani mwandishi anakwepa kurudia neno. Anazungumzia vitu viwili.

Mtwara ni mfano mwingine, nao unasikitisha kidogo. Hori lake lina kina kirefu cha asili, na Waingereza walijenga gati pale kwa ajili ya mradi wa karanga uliokuwa uoteshe mashamba makubwa Nachingwea. Mradi uliachwa mwaka 1951, gati likakamilika 1954. Kwa miongo kadhaa Mtwara ilikuwa na harbour ambayo miji mingi duniani ingeitamani, huku shughuli za port zikisubiri msimu wa korosho.

Mombasa inafundisha jambo tofauti, kwamba port moja inaweza kuwa na harbour zaidi ya moja. Kwa karne nyingi majahazi ya kaskazi yaliingia upande wa Mji wa Kale, chini ya Fort Jesus. Upande wa pili wa kisiwa kuna maji marefu ambayo wenyeji waliyaita Kilindini, yaani penye kilindi, na huko ndiko gati za kwanza za meli kubwa zilikamilika mwaka 1926. Waingereza walilichukua jina lenyewe wakaongeza neno lao: Kilindini Harbour. Shughuli nzima, pamoja na mitambo, ada na wafanyakazi, inaitwa Port of Mombasa. Angalia jinsi kila neno lilivyokaa mahali pake.

Nchi nyingine zilizokosa kimoja

Madras, mji wa India unaoitwa Chennai leo, ulifanya biashara ya baharini kwa zaidi ya miaka mia mbili bila harbour. Ufuko wa Coromandel umenyooka, mawimbi yanavunjika moja kwa moja mchangani. Meli zilitia nanga mbali, na abiria pamoja na marobota ya nguo walivushwa kwa mashua za mbao zilizoshonwa kwa kamba, ambazo ziliweza kujikunja kidogo zikipigwa na wimbi. Kuta za kukinga maji zilianza kujengwa katika miaka ya 1870, na mwaka 1881 dhoruba ikabomoa sehemu kubwa yake, ikabidi zijengwe upya. Kwa muda wote uliotangulia Madras ilikuwa port, na hati zote ziliandikwa hivyo. Nani angeikatalia jina hilo mji uliolisha kampuni nzima ya biashara?

Mwaka 1944 mambo yalikuwa kinyume. Majeshi ya Uingereza, Marekani na washirika wao yalihitaji kushusha vifaa Normandy. Shambulio la Dieppe la Agosti 1942 lilikuwa limewaonyesha jinsi ilivyo ghali kuteka port inayolindwa na adui. Kwa hiyo walitengeneza harbour mbili za saruji na chuma huko Uingereza, wakazivuta kwa tishali kuvuka mlango wa bahari na kuzizamisha mbele ya fukwe tupu. Ziliitwa Mulberry harbours. Dhoruba iliyoanza tarehe 19 Juni iliivunja ile ya Wamarekani, ile ya Waingereza huko Arromanches ikafanya kazi kwa miezi. Zilikuwa na gati zinazoelea pia, lakini jina linaonyesha kitu walichokosa kwanza: maji ambamo meli ingeweza kutulia. Mtafsiri akiandika "bandari za kubuni", kama nilivyowahi kuona, msomaji hupata picha ya mji. "Bandari za kuundwa" ni afadhali, na bora zaidi ni kueleza kwa maneno machache kwamba zilikuwa kuta za kutuliza bahari.

Kwenye hati za meli

Hapa ndipo kosa linapogharimu fedha, na hapa hakuna hiari. Hati ya shehena husema "port of loading" na "port of discharge", yaani bandari ya kupakilia na bandari ya kushushia. Mahali ambapo meli imesajiliwa ni "port of registry". Ukaguzi wa meli ya kigeni unaofanywa na nchi iliyoipokea ni "port state control". Kanuni za kimataifa za ulinzi zilizoanza kutumika Julai 2004 huongelea "port facility". Katika misemo hii yote kinachohusika ni sheria, biashara na mamlaka ya nchi, na neno "harbour" haliingii hata ukilisukuma.

Kwenye usalama wa chombo chenyewe majini, "harbour" linashika usukani. Mtu anayeamua meli gani iingie saa ngapi, rubani yupi aende kuipokea na boya lipi limehama ni "harbour master", kwa kawaida nahodha wa zamani aliyeiacha bahari. Anayeshughulikia wateja, mapato na mikataba ni "port manager". Mahali pamoja, ofisi pengine ziko jengo moja, na kazi mbili zilizogawanyika hasa pale maneno yanapogawanyika. Kiswahili chetu cha ofisini huwaita wote wakuu wa bandari, na kwenye tafsiri ya barua rasmi hilo huleta mkanganyiko. Ushauri wangu: huyu wa pili aitwe meneja wa bandari, na wa kwanza apewe maelezo, kwa mfano msimamizi wa mwendo wa meli bandarini.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 una kifungu kinachoyaweka maneno yote mawili pamoja. Kichwa cha kifungu cha 11 ni "Ports". Ndani yake kinasema kwamba ujenzi wa kudumu ulio mbali zaidi baharini, ambao ni sehemu ya mfumo wa harbour, huhesabiwa kuwa sehemu ya pwani wakati wa kupima mpaka wa bahari ya nchi. Mada ni port kama chombo cha dola, na kitu kinachopimwa ni harbour, kuta na maboma yaliyosimama majini. Waliouandika walijua walichokuwa wanafanya.

Sasa jozi ya hatari kuliko zote: "safe port" na "safe harbour". Zote mbili kwa neno kwa neno ni "bandari salama", na hazihusiani kabisa.

"Safe port" ni neno la mikataba ya kukodi meli. Anayekodi huahidi kuituma meli kwenye port salama tu. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilitoa mwaka 1958, katika kesi ya meli Eastern City, maelezo yanayofuatwa mpaka leo: port ni salama ikiwa meli hiyo mahususi, katika wakati huo mahususi, inaweza kuifikia, kuitumia na kuondoka bila kukumbwa na hatari ambayo ubaharia mzuri hauwezi kuikwepa, isipokuwa limetokea jambo lisilo la kawaida. Tazama mahakama ilivyopanua mambo. Kufika na kuondoka kumo, kwa hiyo vita mjini au mkondo wenye mchanga unaohama vinaweza kuifanya port isiwe salama hata kama maji yake ni tulivu kama kisima.

"Safe harbour" haina meli. Ni kinga ya kisheria kwa mtu aliyetimiza masharti fulani. Sheria ya hakimiliki ya kidijitali ya Marekani ya mwaka 1998 inawapa kinga ya namna hiyo wenye majukwaa ya intaneti, ikiwa wataondoa kazi iliyoibwa baada ya kuarifiwa. Mpango wa kuhamisha taarifa za watu kutoka Ulaya kwenda Marekani uliitwa Safe Harbour, ukadumu tangu 2000 mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilipoubatilisha Oktoba 2015. Ukilikuta neno hili kwenye habari za teknolojia au za kodi, andika "kinga ya kisheria". Kuandika "bandari salama" hapo ni kumwacha msomaji akitafuta bahari isiyokuwepo.

Yalikoanzia, kwa ufupi

"Harbour" lilizaliwa nchi kavu. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya kambi ya jeshi, mahali pa kujihifadhi, na ndugu zake wangali ni nyumba za wageni: Herberge ya Kijerumani, auberge ya Kifaransa, albergo ya Kiitaliano. Hifadhi ilitangulia, maji yakaja baadaye. Ndiyo maana neno hili lina kitenzi chenye nguvu hadi leo. "To harbour a criminal" ni kumficha mhalifu. "To harbour a grudge" ni kuweka kinyongo. "To harbour doubts" ni kuwa na mashaka ambayo hujayatoa. "Port" halina kitenzi cha aina hiyo.

"Port" limetoka kwenye Kilatini portus, na limesafiri mbali kwa sababu shughuli zinaweza kuhama maji yakabaki. Kiwanja cha ndege ni "airport". Mpaka wa Namanga ni "port of entry" kama ulivyo uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Embakasi, Nairobi, mamia ya kilomita kutoka pwani, makontena hupokelewa na kukaguliwa kwenye bandari kavu, "dry port". Hakuna "dry harbour", wala haiwezekani iwepo. Ukishindwa kuchagua, yaondoe maji kwenye picha: kikibaki kitu cha kuzungumzia, hiyo ni port.

Kuna "port" nyingine zinazofanana kwa sura tu. Upande wa kushoto wa chombo ukitazama mbele ni "port". Jeshi la majini la Uingereza liliagiza neno hilo litumike mwaka 1844, kwa sababu la awali, "larboard", lilisikika karibu sawa na "starboard" la upande wa kulia, na kelele za dhoruba haziruhusu maneno mawili yafanane. Asili yake ni ubavu uliokuwa ukilazwa gatini. Lakini "porting", yaani kuhama mtandao wa simu ukiwa na namba yako, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2011, kunatokana na kitenzi cha Kilatini cha kubeba, na hakuna bandari ndani yake.

Pale kanuni inapovunjika

Majina ya mahali hayafuati mantiki hii, na hayasahihishwi. Wapima bahari wa Uingereza wa karne ya 18 na 19 walipenda kuita hori lolote lenye maji tulivu "Port", hata kama ufukweni hapakuwa na kibanda. Nahodha James Cook alipita mwaka 1770 mbele ya mlango wa maji huko Australia akauita Port Jackson bila kuingia. Miaka 18 baadaye Arthur Phillip, aliyeongoza walowezi wa kwanza wa Kiingereza, aliingia, akaandika kwamba ameipata harbour bora kuliko zote duniani. Maji ni yaleyale, ramani zina Port Jackson, watu wanasema Sydney Harbour, na makontena ya mji huo siku hizi hushushwa kwingine, Port Botany. Port Reitz ya Mombasa ni ya ukoo huohuo: hori lililopewa jina la luteni aliyeachwa pale na Kapteni Owen mwaka 1824. Kisumu, reli ilipofika mwaka 1901, iliitwa Port Florence, na hapo jina lilistahili, maana meli za ziwani na reli zilikutana kwa biashara.

Majina ya taasisi nayo yana historia yake. East African Railways and Harbours iliundwa 1948. Reli na bandari zilitenganishwa 1969, Jumuiya ikavunjika 1977, Tanzania ikawa na Tanzania Harbours Authority na Kenya ikaunda Kenya Ports Authority mwaka 1978. Mwaka 2005 Tanzania nayo ikahamia Tanzania Ports Authority. Kwa Kiswahili ni mamlaka ya bandari tu, kabla na baada. Ila kwa Kiingereza mabadiliko yale yanasomeka kama hatua kutoka kutunza maji na gati hadi kuendesha biashara. Ukitafsiri waraka wa Tanzania wa 1990, usiandike "Ports". Jina la wakati ule ni Harbours.

Methali ya Kiingereza nayo inaasi: "any port in a storm", penye dhoruba bandari yoyote itafaa. Kwa mantiki ingekuwa harbour, kwa kuwa anayekimbia dhoruba hatafuti forodha. Imekaa hivyo, na methali haitengenezwi upya.

Ukiwa na sentensi mkononi

"Bandari ya Tanga imepokea meli ya mbolea": port. "Wavuvi wamerudi bandarini kusubiri upepo utulie": harbour. "Bandari inahitaji kuchimbwa kina": harbour, kwa sababu kinachochimbwa ni maji na sakafu yake, ingawa anayelipa ni port. "Mgomo umesimamisha bandari": port. "Mandhari ya bandari kutoka hotelini": harbour, isipokuwa mgeni amelipia kutazama kreni. "Meli ipo bandarini" inakubali yote mawili, na yote mawili hutumika bila "the": "in port" ukimaanisha safari imefika na mabaharia wanaweza kushuka, "in harbour" ukimaanisha imo ndani ya maji ya hifadhi. Diko la wavuvi au mwalo wa ziwani si lolote kati ya haya. Andika "landing site", kama wanavyoandika maofisa wa uvuvi.

Kuhusu tahajia, gazeti la Kenya, Uganda au Tanzania huandika "harbour". Mteja wa Marekani atataka "harbor". Pearl Harbor hubaki bila "u" hata London, na Sydney Harbour hubaki nayo hata New York.

Limebaki "haven", ambalo wengi hulileta kama chaguo la tatu kwa sababu Dar es Salaam hutafsiriwa Haven of Peace. Liache kwenye majina kama hilo na Milford Haven, na kwenye "tax haven", nchi ya kukwepea kodi. Kwa kuwa limeandikwa karibu sawa na "heaven", hakikisha hujamjengea mkwepa kodi pepo.